Fahamu: Pengwini anavyozama zaidi ya mita 500

Pengwini emperor wa Antaktika, mkubwa kuliko pengwini wote, amewahi kurekodiwa akizama zaidi ya mita 500. Mbizi moja ilipita dakika 30. Na huyu ni ndege!

Siri haiko kwenye mapafu tu. Oksijeni nyingi huhifadhiwa kwenye misuli ya kifua, iliyosheheni myoglobini, protini inayoshika oksijeni, hata ikawa myeusi kama maini. Akiwa chini, moyo hupunguza kasi. Katika mbizi ndefu mapigo huweza kushuka hadi karibu 10 kwa dakika.

Mifupa yake nayo ni mizito, haina uwazi wa hewa kama ya ndege warukao, hivyo kuzama si kazi kubwa.

Akirudi juu, huachia hewa iliyobanwa kwenye manyoya. Mapovu hupunguza msuguano, naye hufyatuka majini na kutua barafuni kwa tumbo.