HDL: namba moja, chembe za aina mbili

Ukipimwa lehemu, karatasi ya majibu huonyesha HDL, ile inayoitwa lehemu nzuri. Wengi wetu tunaishia kwenye namba. Lakini ndani ya namba hiyo kuna chembe kubwa, HDL2, na ndogo, HDL3.

Anayezibadilisha ni kimeng'enya kinachotengenezwa na ini, lipezi ya ini. Chembe kubwa ikifika kwenye ini, kimeng'enya huyamega mafuta iliyobeba, nayo husinyaa, kama gunia la mahindi linalochotwa hadi likabaki kiroba. Kikizidisha kazi, chembe kubwa hupungua na HDL hushuka. Hilo huonekana zaidi kwa wenye vitambi na wenye kisukari cha ukubwani. Kwa anayezoea kupanda Vudee kwa miguu, kasi yake hupungua.

Kurithi nako kumo: mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa kwa wanaume weusi kimeng'enya hiki hufanya kazi kidogo kuliko kwa wazungu. Tusishangilie mapema. Dawa ya torcetrapib ilipandisha HDL sana, lakini jaribio lake lilisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikufa wengi zaidi. Kwa hiyo ukipewa karatasi yako, muulize daktari pia LDL, presha na sukari.