Fahamu: Kidonda cha mdomoni kisichopona
Saratani ya mdomo mara nyingi huanza bila maumivu, na hapo ndipo inapotuponza: kisichouma hatukipeleki hospitali. Simama mbele ya kioo penye mwanga. Shika ulimi kwa kitambaa safi, uvute, utazame pembeni na chini yake, kisha fizi na ndani ya mashavu. Ukiona baka jekundu, baka jeupe lisilofutika, uvimbe, au kidonda kilichozidi wiki 2, mwone daktari wa meno. Huenda akakata kinyama kidogo kikapimwe maabara. Wavutaji sigara na wanywaji pombe wajikague zaidi. Na tambuu yetu ya pwani? Ripoti ya 2004 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani iliitaja popoo, kokwa inayotafunwa pamoja na tambuu, hata bila tumbaku, kuwa husababisha saratani.