Moteri imechoka, lakini motokari haijakufa

Mu barabara ya Goma kwenda Sake, kisha kupanda Masisi mpaka Rubaya, motokari inazeeka haraka kuliko mwenyewe. Wakati wa jua ni vumbi ya majiwe ya volkano, wakati wa mvua ni matope, na siku zote ni milima na mizigo inayopita kipimo. Siku moja moshi ya bluu inaanza kutoka nyuma. Mafuta ya moteri inapunguka kila siku bila kumwangika chini. Kilima uliyokuwa unapanda na vitesi ya tatu, leo inaomba ya kwanza. Hapo ulizo inaingia mu nyumba: tuuze hii tutafute ingine, ao tubadilishe moteri?

Ulizo hii si ya mafundi peke yao. Feza ya karieri haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Shimo likitoa, iko. Likijaa maji, imekatika. Na benki zilipofunga milango mu Goma, Januari 2025, watu wengi walibakia na ile iliyokuwa mkononi, ao zamu yao ya likelemba. Ukikosea kununua leo, masomo ya watoto njo inalipa kosa hilo.

« Mpya » ya Goma haiko mpya

Tuseme ukweli: motokari tunayoita mpya hapa kwetu, mara mingi imekwisha kufanya kazi miaka mingi kwa wengine. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilionyesha mu mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018, magari madogo ya okazioni milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda inchi zingine, na sehemu kubwa yaliingia Afrika. Kwa hiyo, ukiuza yako ununue ingine ya okazioni, unaacha uchovu unaoujua, unachukua uchovu usioujua.

Watu wa chukudu wanajua jambo hili tangu zamani. Mpira unaovaa gurudumu ukiisha, wanakata pneu ya zamani, wanapigilia mpira mwingine, na mbao inaendelea na kazi. Lakini mbao ikipasuka katikati, hakuna anayepoteza mpira juu yake. Kwa motokari ni vile vile: shasi njo mbao. Lala chini, angalia shasi, piga na nyundo ndogo. Kama imeliwa na kutu, ao imesuduliwa mara nyingi mahali pa kubeba uzito, usiweke moteri mule. Kama bado nguvu, na buate ya vitesi na difransieli ziko muzuri, endelea kufanya hesabu.

Pima kabla ya kuhukumu

Moteri mingi zinahukumiwa kifo bila kupimwa. Moshi nyeusi inaweza kuwa filtre ya hewa imeziba tu, ao enjektere imechafuka. Moshi nyeupe isiyoisha hata moteri ikipata moto, pamoja na maji inayopunguka mu radiatere, mara mingi ni jwe ya kulasi. Moshi ya bluu ni mafuta ya moteri inayoungua: hapo njo segma na silinda zinashitakiwa.

Omba fundi apime kompresyo ya kila silinda. Kwa dizeli za Toyota kama 2L na 3L, kitabu cha fundi kinataka karibu baa 30 ao zaidi moteri ikiwa nzima, na chini ya karibu 20 inahesabiwa kuwa imechoka. Lakini Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na Rubaya iko juu zaidi. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo hata moteri nzima itaonyesha namba ya chini kidogo kuliko kitabu. Kitu cha kuangalia sana ni tofauti: silinda tatu zikikaribiana na ya ine ikianguka mbali, ugonjwa uko mahali pamoja, pengine soupape ao jwe, na unaweza kutunzwa kwa feza kidogo.

Okazioni ao revizyo?

Moteri ikiwa imekufa kweli, njia ni mbili. Ya kwanza ni revizyo: kutoboa silinda upya, kuweka pistoni, segma na kusine mpya. Ni njia muzuri kama kuko fundi wa tur anayepima na vyombo, si na macho. Ya pili ni moteri ya okazioni, inayokuja imetolewa mu motokari ingine.

Uzuri ni kwamba magari ya kazi ya huku yana moteri zinazofanana. Ile 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace ni jamaa moja. 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, litre 4.2, inapatikana tangu 1990, na pompi yake haina ordinatere. Moteri za elektroniki ni kazi ingine: ukinunua bila ordinatere yake na waya zake, umenunua chuma. Angalia pia kwamba mingi zinatoka mu magari ya usukani wa kuume, kama ya Japani ao Uganda. Mara ingine bomba ya moshi na kamba ya akseleratere zinaomba kubadilishwa.

Usinunue moteri usiyoisikia ikilia. Iwashwe ingali baridi, hata chini mu parsele. Fungua kifuniko cha mafuta: moshi ikitoka kwa nguvu, acha. Mafuta ikiwa nyeupe sawa maziwa, maji imeingia, acha. Na garanti iandikwe, siku ngapi na nani atalipa kazi ya kutoa na kurudisha.

Hesabu ya nyumba

Watu wanahesabu bei ya moteri peke yake, kisha feza inaisha motokari ikiwa wazi mu garaji. Tuchukue mfano, si bei ya soko. Moteri ni dola 2,000. Ongeza kazi ya fundi, diski ya ambreyaji, mkanda wa distribisyo, pompi ya maji, suporte, mafuta na filtre zote: pengine dola 800 zingine. Mkanda na pompi ya maji zibadilishwe moteri ingali inje, sababu kisha utalipa kazi mara mbili. Jumla 2,800. Kama motokari ingine inaomba 9,000 na yako inauzwa 2,500 vile ilivyo, tofauti ni 6,500. Andika hesabu zote mbili ku karatasi moja, bibi na bwana wakiwa pamoja.

Halafu weka kando feza ya breki. Moteri mpya inakurudishia mbio, na breki za zamani hazijui habari hiyo. Ku mteremko wa Masisi, na watu kumi nyuma, hapo hakuna garanti.

Nini iliua ya kwanza?

Hii njo ulizo inayosahauliwa. Kama radiatere imeziba na moteri ya kwanza ilikufa na moto, ya pili itaifuata. Vumbi ya volkano inakata chuma sawa msasa. Tundu moja ku mpira wa hewa, kisha ya filtre, inatosha kumaliza segma. Mazuti ya bakadhafi yenye maji inaua pompi na enjektere. Kwa hiyo, siku ya kuweka moteri, osha radiatere ndani na inje, badilisha mipira ya hewa iliyopasuka, mwaga rezervware ya mazuti uisafishe. Filtre ya hewa iangaliwe kila juma wakati wa jua.

Namba ni mali

Kila moteri iko na namba yake. Piga foto, omba fakture yenye namba hiyo, jina la muuzaji na tarehe, na uangalie karte roze: kama namba ya moteri ya zamani imeandikwa pale, tafuta kuirekebisha mbele ya kurudi barabarani. Bila karatasi, moteri uliyonunua kwa jasho inaweza kuitwa ya wizi ku bariere ya kwanza, na mbele ya watu wa bariere, fundi wako hatakuwa shahidi.

Mwisho, fundi akishamaliza, usipakie siku hiyo hiyo. Tembea bila mzigo, mpaka Sake na kurudi. Simama, fungua kapo, angalia maji na mafuta, gusa chini kama kuna tone. Mzigo utangoja siku moja.