Gari Linapokosa Nguvu Mlimani

Miongoni mwa maradhi ya injini ya petroli, hakuna yanayowaingiza wenye magari katika gharama za bure kama haya: gari huwaka vema, hunguruma kwa utulivu likiwa limesimama, tena hukata barabara tambarare bila ya taabu, illa dereva akanyagapo mafuta ili apande mlima au alipite lori, nguvu huja na kupotea, gari likavuta, likasita, likavuta tena. Aghalabu fundi wa kwanza hubadilisha plagi, wa pili koili, wa tatu sensa, na maradhi yakabaki pale pale, kwa kuwa hapana hata mmoja aliyepima kitu.

Ushahidi ulio mkubwa ni wakati wenyewe ambao ila hujitokeza. Injini hula hewa na petroli kwa mizani, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na ikitwikwa mzigo mzito hutaka petroli zaidi, hata hewa ikawa gramu 12 au 13 tu kwa kila gramu. Pampu iliyochoka, au filta iliyojaa uchafu, huweza kuitosheleza injini iliyotulia, kwani haja yake ni ndogo, walakini haja hiyo ikizidi haina budi kushindwa. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kipimo cha presha ya mafuta kitangulie vyote, na kifanywe gari likiwa linapanda mlima, si limesimama uani kwa fundi, ambapo hata pampu mbovu huonyesha namba njema. Geji na ifungwe nje ya kioo cha mbele, kamwe isiingizwe ndani, kwa khofu ya moto; na namba ilinganishwe na kitabu cha gari, kwani magari mengi ambayo nozeli zake hupulizia katika njia ya hewa hudumu karibu na bar 3, ilhali mengine hupita hapo. Presha ikishuka pamoja na nguvu, itazamwe filta, kisha nyaya za umeme wa pampu, na pampu yenyewe mwisho.

Presha ikisimama imara, twageukia hewa na moto. Sensa ya kupimia hewa ikishikwa na vumbi hutoa hesabu pungufu, na kompyuta ikatoa petroli pungufu. Masega ya kisafisha moshi kilicho katika eksozi yakiziba, moshi hukosa njia. Cheche nayo hupata shida kuruka katika silinda yenye hewa iliyoshindiliwa sana, ndiyo sababu koili dhaifu hustahimili utulivu ikashindwa mlimani; lakini alama yake ni mishtuko ya ghafula, si nguvu inayofifia taratibu.

Mashine ya kusomea hitilafu ina manufaa, ila tusiifanye kadhi. Kodi P0171 husema tu kwamba mchanganyiko una petroli haba. Haisemi kilichoipunguza, wala haiihukumu sensa iliyoleta habari. Tena atokaye Mombasa akafika Nairobi, mji uliopita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, asidhani kuwa injini ivutayo hewa kwa nafsi yake imeugua ikipungukiwa nguvu, maadamu haisiti: hewa ya huko ni nyepesi.

Lakini taa ya injini ikimetameta huku gari likirukaruka, ni petroli isiyoungua inayopita na kuyaunguza masega. Ondoa mguu, egesha kando, wala usiendelee na safari kabla ya fundi kuitazama injini.