Unawasikia, Wao Hawakusikii: Maiki ya Saa Janja Inapogoma Katikati ya Simu

Unabonyeza kitufe cha kijani kwenye saa. Msimamizi wako wa fildi unamsikia vizuri kabisa: “Haloo? Haloo? Mbona kimya?” Unajibu, unapaza sauti, unasogeza mkono mdomoni mpaka wapita njia wanakushangaa. Yeye hasikii kitu. Anakata. Jioni ukimpigia anakuuliza kwa nini hupokei simu, na ukweli ni kwamba ulipokea.

Ukiwa hosteli hii ni kero ndogo tu, unachomoa simu mfukoni na maisha yanaendelea. Kwa mwenzetu aliyepangiwa fildi Madibira mambo ni tofauti kidogo. Madibira iko wilaya ya Mbarali, upande wa mkoa wa Mbeya unaopakana na Mufindi ya Iringa, na skimu yake ya mpunga ina hekta zipatazo 3,000 zinazonyweshwa na maji ya mto Ndembera. Huko unatembea juu ya matuta na kingo za mifereji, mikono ina tope, simu umeifunga ndani ya begi isilowe. Saa ndiyo inayobeba mawasiliano yote: msimamizi, wakulima uliopanga kuwahoji, bodaboda wa kukurudisha. Ikigoma, nauli ya kuipeleka kwa fundi Mafinga au Mbeya mjini ni hela ya kula ya siku kadhaa. Ndiyo maana ni vizuri ujue kupima mwenyewe kabla hujamkabidhi mtu saa yako na bisibisi.

Anza na swali ambalo wengi wanaona aibu kuliuliza: hiyo saa ina maiki kweli? Ziko saa nyingi za bei ya chini ambazo simu ikiita zinatetemeka, zinaonyesha jina la mpigaji na kukupa kitufe cha kukata, basi. Hazina maiki wala spika. Ukiona saa ina kitufe chekundu tu bila cha kijani, au ukipokea sauti inabaki kwenye simu, usitafute ugonjwa. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata kama muuzaji alikuambia “inafanya kila kitu”. Angalia boksi au kijitabu chake, kisha kagua ubavu wa saa. Tundu la maiki ni dogo kuliko kichwa cha pini, na mara nyingi liko peke yake upande mmoja, wakati spika huwa na mfereji au vitundu kadhaa.

Kama maiki ipo, kazi ya kwanza ni kuigawa shida. Simu ya kwenye saa inapita mahali pengi: maiki yenyewe, saa, Bluetooth, simu yako, mtandao wa laini, halafu simu ya mwenzako. Kila mahali panaweza kuharibu sauti. Fundi asiyegawa shida anaanza kufungua saa wakati tatizo liko kwenye simu.

Kwa hiyo mpigie rafiki kwa simu yenyewe, saa ukiwa umeitenganisha. Asipokusikia vizuri hapo, saa haina kosa, shughulika na simu au mtandao. Akikusikia, rudi kwenye saa na urekodi sauti yako kwa programu ya kurekodi iliyomo ndani yake, au umuulize msaidizi wa sauti swali lolote. Saa isiyo na vitu hivyo iunganishe na simu ya mwenzako wa chumbani, kisha piga kutoka hapo. Ikifanya kazi kwenye simu yake na kugoma kwenye yako, umeshajua maiki ni nzima na ugonjwa uko kwenye muungano. Ikigoma kote kote, shuku tundu au maiki yenyewe. Dakika kumi, na umeshakata nusu ya uwezekano wote.

Sasa tukae kwenye muungano, maana hapa ndipo saa nyingi zisizo na ubovu wowote huhukumiwa kuwa mbovu.

Saa nyingi zinazopokea simu kwa Bluetooth huunganishwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni Bluetooth ya nguvu ndogo, iliyoingia na toleo la 4.0 mwaka 2010. Inakula chaji kidogo sana, na kazi yake ni kupeleka taarifa fupi fupi: hatua ulizotembea, mapigo ya moyo, ujumbe ulioingia. Njia ya pili ni Bluetooth ya zamani, ile ile inayotumiwa na redio ya gari na earphone zisizo na waya, na hiyo ndiyo inayobeba sauti ya simu kwenda na kurudi. Ukiunganisha saa kupitia programu yake unaweza ukawa umefungua njia ya kwanza tu. Utaona meseji zinaingia, saa inabadilika kulingana na simu, kila kitu kinaonekana shwari, ila mtu akipiga husikiki. Ndiyo maana baadhi ya saa zinajitokeza kwenye orodha ya Bluetooth kwa majina mawili yanayofanana, moja likiwa na neno la ziada la kuashiria simu au sauti. Hilo la pili nalo lazima uliunganishe.

Kwenye simu za Android nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth, bonyeza alama iliyo pembeni ya jina la saa, uangalie swichi ya simu kama imewashwa. Iko tofauti na swichi ya muziki, na inawezekana moja ikawa imewashwa na nyingine imezimwa bila wewe kugusa. Ukiikuta imewashwa na tatizo bado lipo, ifute saa kwenye orodha, zima na uwashe vifaa vyote viwili, kisha unganisha upya. Kuirudisha saa ilivyotoka kiwandani kuwe hatua ya mwisho, maana kumbukumbu ambazo hazijahamia kwenye simu zitafutika. Apple Watch ina utaratibu wake na iPhone, lakini kule kugawa shida ni kule kule.

Kuna na mgongano wa vifaa. Una saa mkononi na earphone zisizo na waya ndani ya begi, zimejiwasha zenyewe baada ya kifuniko chake kufunguka. Simu inachagua kifaa kimoja cha kuchukulia sauti, na inaweza kuchagua maiki ya earphone zilizozikwa chini ya daftari. Unaongea na saa, anayesikiliza ni begi. Wakati simu inaendelea, bonyeza alama ya spika kwenye skrini ya simu uone sauti inaenda wapi, kisha uchague jina la saa. Simu za WhatsApp nazo zina tabia yake: zinapita kwenye intaneti na programu inachagua yenyewe sauti iende wapi, hivyo saa inaweza kuwa nzima kwenye simu za kawaida na bubu kwenye WhatsApp. Usiipeleke kwa fundi kwa sababu hiyo.

Tukiwa hapo hapo, programu nyingi za saa za bei rahisi zinaomba ruhusa lukuki: majina ya watu, mahali ulipo, maiki ya simu, picha. Ili saa ipokee simu ya kawaida kwa Bluetooth, programu yake haihitaji ruhusa ya maiki ya simu yako. Kinachofanya kazi ni muungano wa sauti wa mfumo wenyewe. Majina unaweza kuyaruhusu ili uone nani anapiga. Mengine mimi ningeyakataa kwanza, niyaruhusu pale tu kitu ninachokihitaji kinapogoma. Saa zinazotumia maiki kwa programu zake zenyewe, kama za Wear OS, ni habari nyingine: hapo ruhusa ya maiki ndani ya saa ni lazima uikague.

Umbali nao unadanganya. Bluetooth ya vifaa hivi huhesabiwa kufika kama mita 10, lakini ni mahali pa wazi. Mwili wa mtu una maji mengi na maji yanameza mawimbi yake. Begi likiwa mgongoni na saa kwenye mkono ulio kifuani, wewe mwenyewe ndiye ukuta. Ukiacha begi kwenye tuta na kushuka jarubani, sauti itaanza kukatika vipande vipande kabla ya kupotea. Dalili ya umbali ni kukatika katika. Sauti ya chini inayosikika muda wote kama imezibwa kwa kitambaa huwa imesababishwa na kitu kingine.

Mara nyingi kitu hicho ni tundu. Fildi za mwezi wa saba mpaka wa tisa zinakuta kiangazi, mpunga unavunwa au umeshavunwa, mashine za kukoboa zinanguruma. Vumbi la barabarani na pumba laini vinaganda kwenye jasho la mkono, vikichanganyika na mafuta ya kujipaka vinakuwa plasta. Ongeza baridi ya asubuhi ya Nyanda za Juu: mtu amevaa koti, mkono wa koti umefunika saa yote, halafu anashangaa hasikiki. Kava la mpira la kulinda saa nalo likikaa vibaya linaziba. Vua kava, kunja mkono wa koti, jaribu tena. Angalia pia kwenye skrini kama alama ya kuzima maiki imeguswa. Kitambaa chenye unyevu kinaweza kuibonyeza bila wewe kujua.

Kusafisha ni kazi ya upole. Zima saa, ielekeze tundu chini ili uchafu udondoke usiingie ndani, piga piga kwa mswaki laini mkavu, malizia kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usichomeke sindano wala waya. Ndani kuna utando mwembamba sana unaotikiswa na sauti, na mbele yake mara nyingi kuna wavu wa kuzuia maji. Ukitoboa kimojawapo umemaliza mjadala. Ule upepo wa mashine ya kupulizia vumbi kompyuta nao uache, presha yake inatosha kuupasua huo utando.

Maji yakiingia, sauti itakuwa kama ya mtu aliye ndani ya debe. Saa yenye alama ya 5ATM imepimwa kwa presha inayolingana na maji yaliyotulia ya kina cha mita 50, ikiwa mpya. Mipira yake ya kuzuia maji inachoka, na sabuni, mvuke na joto vinaichosha haraka, kwa hiyo alama hiyo siyo ya milele. Apple Watch kuanzia Series 2 ya mwaka 2016 ina kazi ya kusukuma maji nje kwa mlio, ila mlio huo unasafisha spika. Maiki inabaki na unyevu mpaka ukauke. Ikung'ute taratibu, iache kivulini penye hewa, usiisogeze jikoni kwenye moto.

Na mchele je? Madibira mchele uko kila nyumba, na ushauri wa kuizika saa humo utaupata bure kutoka kwa kila mtu. Kataa kwa adabu. Mchele haunyonyi maji ya ndani ya kifaa kwa namna ya maana, na ule uliotoka mashineni una unga unga wa pumba unaotafuta tundu la kuingia. Apple yenyewe mwaka 2024 ilionya watu wasiweke iPhone zilizolowa kwenye mchele kwa sababu ya chembe chembe hizo.

Kuna hali ambayo maiki ni nzima, muungano ni mzima, na bado wanalalamika. Hapo lawama ni ya hesabu. Simu ukiiweka sikioni maiki yake iko kama sentimita 5 kutoka mdomoni. Saa kwenye mkono ulioulegeza iko sentimita 40. Umbali umekua mara 8, na nguvu ya sauti inayofika inapungua kwa mraba wake, yaani mara 64. Upepo na mashine ya kukoboa vyenyewe havijapungua hata kidogo. Simu nyingi zina maiki mbili au zaidi na zinalinganisha ili kuchuja kelele. Saa nyingi za bei ya chini zina moja. Programu ya kuchuja kelele ikizidiwa inakata kila kitu, pamoja na wewe. Geuka upepo uwe mgongoni, leta saa karibu na mdomo kama sentimita 15, ongea kawaida. Kupiga kelele kunafanya sauti ipasuke.

Ukifika kwa fundi baada ya hayo yote, mpe matokeo ya vipimo vyako, siyo “saa imeharibika”. Muulize kabla hajafungua: ana gundi ya kurudishia uzibaji wa maji? Ana maiki ya kufanana? Maiki nyingi zimechomelewa kwenye ubao wenyewe, na saa ikifunguliwa hovyo hutaiamini tena karibu na mfereji. Kwa saa ya bei ya chini mimi ningeiacha ibaki ya kusoma meseji na kuhesabu hatua. Kama bado iko ndani ya waranti, isiguswe na fundi wa nje.

Na kwa wale ambao bumu limeingia wiki hii na wanawaza kununua: mwambie muuzaji aiunganishe na simu yako hapo hapo dukani, mpigie mtu aliye nje ya duka, ongea dakika mbili ukiwa umeweka simu mfukoni. Kama saa inatumia laini yake yenyewe basi ina namba ya IMEI kama simu. Itume kwa meseji kwenda 15090, namba ya kuhakiki ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, uone jibu. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima kwa namba hizo hizo. Jibu likija tofauti na kilichoandikwa kwenye boksi, rudisha saa mezani kabla hujafungua pochi.