Kiini Kilichojificha cha Galaksi M77

Novemba 2022, wanasayansi wa kituo cha IceCube, Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba kwa takriban miaka tisa vitambuzi vyao 5,160, vilivyofukiwa ndani ya barafu, vilinasa neutrino zipatazo 79 kutoka galaksi moja, M77. Mavuno haba, utasema. Lakini neutrino ni chembe zinazopenya nyota, vumbi na hata Dunia nzima kana kwamba hakuna kitu. Kuzinasa 79 ni kazi.

Mfaransa Pierre Méchain aliiona galaksi hii mwaka 1780, akaidhania wingu la gesi. Kumbe ni mabilioni ya nyota, umbali wa miaka ya nuru milioni 47 hivi. Mikono yake hujipinda kuzunguka pao la nyota lililolala katikati, nalo pao halikai bure: huvuruga mwendo wa gesi mpaka iporomoke kuelekea kwenye shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni kadhaa. Shimo lenyewe halitoi nuru. Kinachowaka ni gesi inayolizunguka, ikisuguana na kupata moto kabla haijamezwa.

Mwaka 1943 Mmarekani Carl Seyfert alichunguza galaksi chache zenye viini vikali vya namna hii, M77 ikiwamo. Baadaye zikagawanywa makundi mawili: zile zinazoonyesha gesi ya kasi kubwa mno karibu na shimo, na zile zisizoionyesha. M77 ikawekwa kundi la pili. Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller wakapima nuru yake iliyotoka kiinini, ikagonga chembe zilizo nje ya kiini, ndipo ikaelekea kwetu. Ni kama kinyozi anavyokuonyesha kisogo chako kwa kioo cha pili. Gesi ya kasi ilikuwapo siku zote, imezibwa na vumbi nene, vumbi ambalo neutrino hulipenya! Kwangu mimi kipimo hicho kinazishinda picha zote za rangi tunazopigiwa na darubini za angani.

M77 iko karibu kabisa juu ya ikweta. Ukiwa Nanyuki mwezi wa Novemba, kwenye saa sita za usiku, hupita utosini. Kwa macho matupu huipati. Azima darubini, zikimbie taa za mji, uitafute katika kundinyota la Ketusi, kando ya nyota Delta Ceti. Hata darubini ndogo itakuonyesha doa hafifu la mviringo, lenye kitovu kinachong'aa kuliko kingo zake.