Mlinganyo ukikataa vigawo, kamilisha mraba

MLINGANYO wa kipeo cha pili unapokataa kutenganishwa kwa vigawo, watahiniwa wengi wa hisabati hukimbilia fomula waliyoikariri. Lakini swali la KCSE likiagiza mraba ukamilishwe, fomula haitoshi, kwani alama hutolewa kwa hatua zilizoonyeshwa wala si kwa jibu pekee.

Chukua mfano wa mkulima wa Kitale mwenye bustani ya mboga ya mita 100 mraba, ambayo urefu wake unazidi upana kwa mita 6. Upana ukiwa x, basi:

x² + 6x = 100

Hakuna namba mbili nzima zinazoweza kuutenganisha mlinganyo huu. Hata hivyo, mchoro waweza kuutatua.

Igawe bustani hiyo sehemu mbili: mraba wenye pande za x, na ukanda wenye upana wa mita 6. Ukate ukanda huo katikati upate kanda mbili za mita 3, kisha uziambatishe kwenye pande mbili za mraba zinazopakana. Umbo jipya linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila limepungukiwa na kona moja. Kona hiyo ni 3 × 3, yaani 9.

Ukiongeza 9 upande mmoja wa mlinganyo, sharti uongeze 9 upande wa pili ili mizani isiiname:

(x + 3)² = 109

Kipeuo cha pili cha 109 ni takriban 10.44, chanya au hasi. Hivyo x ni 7.44 au −13.44. Kwa kuwa bustani haina upana hasi, upana ni mita 7.44 na urefu mita 13.44.

Naye mkulima wa Bungoma mwenye bustani mbili za vipimo hivyo ataandika 2x² + 12x = 200. Hapa ndipo penye mtego: ni lazima kwanza kila sehemu igawanywe kwa 2, ndipo mraba ukamilishwe.

Mchoro kama huu ulielezwa katika karne ya 9 na Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, ambaye jina la kitabu chake ndilo lililozaa neno aljebra. Fomula yenyewe hupatikana kwa kukamilisha mraba wa ax² + bx + c = 0. Kwa hivyo, mwanafunzi aliyeielewa kona inayopungua hata akiisahau fomula katika chumba cha mtihani, ataweza kuiunda upya.